Kijivu cha Kadi ya Tatu

Fundi saa alikamatwa kwa sababu ya rangi ya kijivu.

Hakuiba, hakupigana, hakumtukana mtu. Alisimama kando ya uzio wa kambi ya ndege za jeshi, akainua kadi tatu zilizopakwa rangi, moja baada ya nyingine, akafumba jicho moja kama afanyavyo akichungulia tumbo la saa, akazilinganisha na ndege kubwa iliyoegeshwa kule ndani juani. Shingoni alikuwa amening'iniza darubini. Alikuwa amefika kadi ya tatu aliposikia sauti nyuma yake ikimwambia aweke mikono kichwani.

Mkewe alikuwa msusi, na habari zilimkuta katikati ya kichwa cha mteja. Aliyezileta ni muuza magazeti wa pale kona, anahema.

"Mumeo wamempakia kwenye gari la jeshi. Wanasema ni jasusi."

Msusi akacheka. Ndivyo kilivyomtoka, kicheko. "Jasusi? Yule? Hata ninapoficha sukari hajawahi kupagundua!"

Mteja hakucheka. Alijishika kichwa, upande mmoja umesukwa na mwingine umetimka, akasema atarudi siku nyingine amaliziwe. Hakurudi.

Sasa tukieleze hicho kijivu, maana ndicho kilichoiwasha nyumba moto. Kila Jumamosi mchana wanaume watatu walikutana sebuleni kwa fundi saa kuunda ndege za kivita. Si ndege za kuruka. Ni za plastiki, za kukaa mezani, zinazokuja vipande vipande ndani ya boksi. Walikata, wakasugua kwa msasa, wakaunganisha kwa gundi, wakapaka rangi, wakabishana. Walijiita Marubani wa Mezani. Mwenyekiti wao waliyemwita Kapteni hakuwahi kuvaa sare hata ya mgambo. Alikuwa bosi katika kampuni ya bima, na cheo alikipata kwa kuwa na sauti nene na darubini. Wa pili alikuwa Mwalimu, wa fizikia, sekondari. Fundi saa alikuwa mwenye mikono. Kijipande ambacho wenzake walikitafuta kwa kupapasa zulia, yeye alikinyanyua kwa kikoleo na kukitia mahali pake bila kushusha pumzi. Sebule ilikuwa yake, taa yake, na chai ya mkewe.

"Shemeji, usiguse, haijakauka." Hiyo ndiyo salamu aliyoipata msusi kila alipopita na sinia. Aliizoea kama watu wanavyozoea mlio wa mlango.

Ndege yao kubwa kuliko zote ilikuwa ya kubebea wanajeshi, yenye injini nne na mabawa yaliyojaza meza. Waliiunda pamoja muda mrefu mpaka wakaipa jina, Bi Harusi, kwa sababu ilikaa imefunikwa kipande cha chandarua isiingiwe na vumbi. Siku ya kulifunga tumbo lake walifanya kama ilivyokuwa desturi yao. Kabla nusu ya kushoto haijagandishwa na ya kulia, kila mmoja alichovya kidole gumba katika rangi yake akakigonga ndani, ubavuni. Kapteni nyekundu, Mwalimu kijani, fundi saa njano. Kisha tumbo likafungwa, vidole vikabaki gizani.

"Hii ndiyo saini yetu," Kapteni alisema siku ile. "Hakuna atakayeiona. Lakini sisi tunajua kwamba humu tumo wote."

Msusi alikuwa amesimama mlangoni na sinia lake. Alifikiri moyoni kwamba wanaume wakipendana wanapendeza.

Ikabaki rangi ya nje, na hapo Kapteni na Mwalimu wakashikana mashati kwa maneno. Mmoja alisema kijivu cha ndege ile halisi kinaelekea buluu. Mwingine akaapa kinaelekea kijani. Jumamosi zikapita, chai ikapoa, hakuna aliyekubali. Fundi saa akachanganya vijivu vitatu, akapaka kadi tatu, na nyuma ya kila kadi akaandika vipimo alivyochanganyia.

"Mtu aende akaangalie kwa macho yake," Kapteni aliamua. Akaivua darubini yake, akamvisha fundi saa shingoni kama mtu anayevishwa nishani. "Wewe ndiye mwenye jicho."

Na mwenye jicho akaenda.

*

Inspekta alikuwa mpole, na upole wake ulimtisha msusi kuliko kama angefoka. Alizipanga kadi tatu mezani, akazigeuza.

"Hebu soma hapa, mama."

"Tatu, moja, nusu."

"Na hii ya tatu?"

"Nne, moja, robo, Tone."

"Tone ndiye nani?"

"Tone si mtu, afande. Ni tone. La rangi nyeusi. Ni kama mapishi."

"Mapishi." Inspekta aliegemea kiti. "Mimi hapa nina mwanamume mzima aliyekutwa nje ya kambi. Ana darubini. Ana kadi zenye namba ambazo hakuna anayezielewa, na nyingine imeandikwa Tone. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningemuuliza."

"Nimemuuliza. Ameniambia alikuwa anatafuta kijivu."

Askari wa mlangoni alikohoa ili kuficha kicheko. Msusi alihisi masikio yake yakiwaka.

"Sikiliza, mama. Anasema kuna chama. Chama ni watu. Wako wapi? Niletee mmoja tu, aje na kitambulisho, akae kwenye kiti hicho, aandike kwamba walimtuma kwa ajili ya mchezo wao. Hapo nitakuwa na jambo la kipuuzi, na la kipuuzi naweza kulimaliza mwenyewe. Asipotokea mtu, Jumatatu jioni wakubwa wanakuja kumchukua. Wakishamchukua, usije kuniuliza yuko wapi. Hata mimi sitajua."

Walimruhusu kupeleka chupa ya chai. Askari wa kaunta akajimiminia kikombe, akasema anaipima kama ina sumu, akaongeza cha pili ili awe na uhakika. Fundi saa alikuja mpaka kwenye nondo, hana mkanda, hana kamba za viatu, kashikilia suruali kwa mkono mmoja. Jicho lake la kushoto, lile la kuvalia kioo cha kukuzia saa, lilikuwa limevimba.

"Wamekupiga?"

"Niliteleza," akasema, na askari alikuwa amesimama hapo hapo. Kisha akasogeza uso karibu. "Bi Harusi umemfunika?"

Msusi alitamani kumzaba kofi kupitia nondo. Badala yake alimwambia, "Nimemfunika."

"Vumbi la barabarani ni baya sana. Wala usihangaike, mke wangu. Kapteni atakuja. Yeye ndiye aliyenituma, hawezi kuniacha."

*

Mwalimu alimpokea kwenye geti la shule, chaki zimemwagika kwenye mikono ya shati, macho yanaangalia kila mahali isipokuwa uso wake.

"Shemeji, hapa si mahali pake."

"Mahali pake ni wapi? Nitajie, niende."

"Kapteni amelifuta kundi letu kwenye simu. Amesema kila mtu anyamaze mpaka mambo yapoe."

"Yapoe? Mume wangu ni uji?"

Mwalimu akavuta kola. "Mimi ni mtumishi wa serikali, shemeji. Nikienda kuandika pale kwamba natuma watu kuchungulia kambi, kesho sina kazi. Nielewe. Kwa nini usieleze wewe mwenyewe? Mke ni shahidi mzuri."

"Aliyekuwa anapiga meza kwamba kijivu kinaelekea kijani ni mimi?"

Mwalimu alitia mkono mfukoni, akatoa noti iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama kidonge, akajaribu kumtia kiganjani. "Ya chai tu, shemeji. Usiseme imetoka kwangu."

Msusi aliikunjua noti ile, akainyoosha, akaipachika kwenye mfuko wa shati lake, pembeni ya kalamu nyekundu. "Chai nilikuwa nakunywesha mimi," akamwambia. "Leo unanirudishia?"

Kengele ililia. Mwalimu alishukuru kengele ile kuliko mwanafunzi yeyote.

Kwa Kapteni simu iliita mpaka ikachoka. Jumamosi msusi alikwenda nyumbani kwake. Gari lilikuwa uani, limeoshwa, linadondosha maji. Mke wa Kapteni alifungua geti upana wa kiganja, akachungulia kwa jicho moja, na juu ya jicho hilo msusi aliona mistari ya nywele aliyoisuka yeye mwenyewe juma lililopita, imelala vizuri kabisa, haijatoka hata unywele.

"Hayupo."

"Dada, gari hilo."

"Nimesema hayupo. Na tafadhali usije tena hapa, majirani wana macho." Kisha, kabla ya kufunga, akaongeza kwa aibu, "Zile nywele za Jumatano, nitatafuta mtu mwingine. Usinione vibaya."

*

Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache hakuyatia sukari. Jumapili mchana alikaa kwenye kochi akiitazama meza tupu ambayo jana yake wanaume hawakuijia, akasema, "Nilimwambia. Mwanamume mzima, na midoli."

"Mama, leo nakuomba tu."

"Nimalize. Nilimwambia kuhusu midoli. Kuhusu watu sikumwambia, maana nilidhani ni watu." Akakunja khanga yake magotini. "Wale wawili, mwanangu, wamekunywa chai humu ndani tangu lini?"

"Tangu kabla hujahamia, mama."

"Na wewe ulipata nini?"

Msusi aliwaza. "Usiguse, haijakauka."

Bi kizee akainua kidevu kuelekea juu ya kabati, ambapo Bi Harusi alilala ndani ya chandarua chake. "Sasa imekauka au bado?"

*

Jumatatu asubuhi msusi aliibeba ndege mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, akatembea nayo mpaka mjini. Watu walimpisha njia. Wengine walidhani ni maiti ya kichanga, kwa jinsi alivyoifunika.

Ofisi ya bima ilikuwa na kioo, foleni na feni inayosukuma joto kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kapteni alikuwa nyuma ya kaunta, tai imemkaba, anamweleza mzee mmoja kwa nini duka lake lililoungua halilipwi. Alipoinua macho na kumwona, uso ulibadilika mara moja tu, kama taa iliyotaka kuzimika, kisha ukarudi.

"Naam, mama. Nikusaidie nini?"

Foleni nzima ilisikia. Mama. Mtu aliyelalia kochi lake, aliyemwita shemeji mbele ya wazazi wake, aliyemwambia hakuna duniani anayepika chai ya tangawizi kama yeye.

"Leo nimekuwa mama?" msusi akauliza.

"Kama una madai, chukua namba, ukae pale."

"Nina dai moja. Mume wangu yuko ndani kwa ajili yako. Jioni wanamhamisha. Twende ukaseme ulimtuma."

Kapteni alitabasamu kwa watu wa foleni, tabasamu la mtu anayeomba radhi kwa niaba ya kichaa. "Mama, nadhani umenifananisha."

Msusi akaweka mzigo wake juu ya kaunta, akaufunua. Mzee wa duka lililoungua akasema, "Mashallah, ndege!" kwa sababu kwa kweli ilikuwa nzuri, hata kabla ya kupata rangi yake ya mwisho.

"Hii pia nimeifananisha?"

"Sijawahi kukiona hicho kitu."

Hapo ndipo hasira ilipomfika. Si kwa kasi. Ilipanda taratibu kama maji ya kisima, baridi, kutoka miguuni. Aliishika Bi Harusi kwa pua na kwa mkia, akaipiga kwenye ukingo wa kaunta. Haikuvunjika. Fundi saa hafanyi mzaha na gundi. Mlinzi akaanza kuja. Msusi akaiinua juu zaidi, akaipiga tena kwa nguvu zote za mikono inayosuka vichwa tangu asubuhi mpaka jua kuzama, na tumbo likapasuka kwenye mshono, injini moja ikaruka ikabingirika chini ya viti. Mtu alipiga yowe. Aliyepiga yowe ni Kapteni.

"Ndege yangu!"

Foleni nzima ikamgeukia. Feni pekee iliendelea.

Msusi alinyanyua nusu ya kushoto, akaigeuza ili foleni ione. Ndani ya plastiki nyeupe vilikaa vidole gumba vitatu, njano, kijani, nyekundu, mistari yake bado imenyooka kama siku vilipogongwa.

"Kile chekundu," akasema. "Lete kidole chako tulinganishe. Pale kituoni kuna wino na karatasi. Inspekta hahitaji mdomo wako. Anahitaji kidole, na kidole ninacho."

"Shemeji," Kapteni akasema, sauti imekuwa nyembamba. "Shemeji, twende tukaongee nje."

"Ahaa," akasema msusi. "Nimeshakuwa shemeji."

"Nina watoto."

"Na mimi nina nini, vifaranga?"

Mlinzi alikuwa amefika, lakini hakumshika. Alikuwa anakiangalia kile kidole chekundu, kisha anamwangalia bosi wake, kisha kidole.

*

Msusi alipanda kwenye gari la Kapteni. Alifungua mlango wa mbele. Kapteni akamwambia akae nyuma, mbele kuna koti lake. Akakaa nyuma, kando ya vipande, na koti likapanda mbele.

Kituoni Kapteni alipona ghafla. Aliketi mbele ya Inspekta, akakunja nne, wakaongea kama watu wanaotoka saluni moja.

"Huyu bwana ni mtu mwema, afande. Ila ni mtu wa kawaida tu, unanielewa. Fundi saa. Sisi tunamkaribisha kwenye shughuli zetu. Pengine alipewa kazi ndogo, akaizidisha mwenyewe."

"Kwa hiyo hamkumtuma?"

"Kutuma ni neno kubwa."

Msusi alikuwa amesimama. Kiti kilikuwa kimoja. "Darubini ni ya nani?"

"Mama, subiri zamu yako," Inspekta akasema, lakini macho yake yalimgeukia Kapteni. "Ni ya nani?"

"Niliazimisha tu."

"Kwa ajili ya nini?"

Kapteni akavuta tai. "Kijivu," akasema.

Askari wa mlangoni safari hii hakukohoa. Alicheka waziwazi. Inspekta aliandika, akaandika tena, akamsogezea Kapteni karatasi, akapiga muhuri, na kitu ambacho kilikuwa kinapeleka mtu mahali pasipojulikana kikawa karatasi moja ya kipuuzi ndani ya faili.

Waliporudisha vitu kaunta, cha kwanza kutoka ilikuwa darubini. Kapteni aliisaini, akaikagua vioo vyote viwili dhidi ya mwanga, akaitia kwenye mfuko wake. Rafiki yake alikuwa bado ndani. Fundi saa alitolewa baadaye, baada ya kuandikishwa kwamba aliyaelewa vibaya maagizo na kwamba hatarudia. Kapteni alimpiga begani, akasema, "Pole, ndugu yangu, tumekupigania," akaangalia saa, akaondoka na gari lake.

Mume na mke wakabaki barabarani. Fundi saa alinuka jasho na dawa ya kusafishia choo. Alikuwa anafunga kamba za viatu, polepole, na alipomaliza akainua lile jicho lililovimba.

"Ilikuwa kadi ya tatu," akasema.

"Nini?"

"Kijivu. Kapteni alikosea, na Mwalimu pia. Nilikiona vizuri kabla hawajanishika."

Kuna wakati hasira inakosa hata pa kukaa. Msusi alimpa mfuko wa vipande. Fundi saa alichungulia ndani. Akaingiza mkono, akapapasa mshono uliopasuka kama anavyopapasa mtu jeraha la mtoto.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

Alisubiri afoke. Angefoka, angalau wangekuwa wawili. Hakufoka. Alitembea mpaka nyumbani ameukumbatia ule mfuko.

*

Juma lile wateja wa fundi saa walikuja kuchukua saa zao, hata zile ambazo hazijapona. Kiti cha kusukia kilikaa tupu barazani, kuku wa jirani akakipanda. Fundi saa alivuta meza dirishani, akaanza kuunganisha.

Siku ya kuunganisha tumbo alimwita mkewe. "Shika hapa na hapa. Bana. Usiachie mpaka nikuambie."

Ilikuwa mara ya kwanza. Alibana mpaka vidole vikafa ganzi, mumewe kainama karibu, pumzi yake inagusa viganja vyake.

"Hukuuliza kilichotokea mle ndani," fundi saa akasema, macho yakiwa kwenye gundi.

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

"Kila nilipowaambia nimetumwa, walinipiga. Nilisema Kapteni anakuja, wakacheka, wakaniuliza kapteni wa jeshi gani. Jumapili niliacha kusema anakuja." Alifuta gundi iliyotoka. "Halafu wakaniandikisha kwamba nilielewa vibaya. Sikuelewa vibaya, mke wangu. Nilielewa vizuri kabisa."

Msusi hakuachia tumbo.

Jumamosi asubuhi fundi saa alichanganya kile kijivu, nne, moja, robo, tone, akakipuliza juu ya Bi Harusi, mabawa, mgongo na tumbo. Ukiutafuta mshono uliuona. Usipoutafuta, ilikuwa ndege nzima, ya rangi ya anga ambalo halijaamua kama mvua inyeshe. Aliiweka katikati ya meza ikauke. Msusi alikaa akiitazama, na wakati ule ule wazo likamjia. Alimwambia mumewe. Fundi saa aligeuka akamkodolea macho kama aliyeambiwa wachinje mtu.

"Hapana," akasema. Hakusema hapana tena, wala hakusema ndiyo.

Mchana wakaja. Wote wawili, na boksi la keki, kama kwamba mlango ule ulikuwa haujui kitu. Kapteni aliingia na sauti yake nene mbele.

"Mfungwa wetu! Hebu nikuone. Mbona umenenepa? Chakula cha serikali!" Akaketi kwenye kiti chake kile kile. Mwalimu aliketi ukingoni, keki magotini. "Na shemeji wetu mwenye hasira! Nilimwambia mke wangu, yule mwanamke ni komando. Lakini yaliyopita si ndwele. Plastiki inaungika. Na chai?"

Kisha akaiona ndege. Alisimama, akainama, uso ukamlainika kwa upendo wa kweli, na hilo ndilo lililomuudhi msusi kuliko yote, kwamba upendo ule ulikuwa wa kweli.

"Lo! Tazama kijivu hicho. Si nilisema kinaelekea buluu?"

"Samahani, Kapteni," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "pale kwenye mkia ni kijani kabisa."

Msusi akaja na sinia. Lilikuwa tupu. Akaliweka mezani, likalia.

"Chai hakuna," akasema. "Mlikuwa mnagonga vidole tumboni, panapofungwa. Hata kituoni, Kapteni, ulikuja hivyo hivyo, umejificha ndani ya maneno. Basi leo anayetaka kukaa kwenye sebule hii aweke kidole nje. Hapo kwenye bawa. Panapoonekana na kila anayeingia."

"Shemeji!" Kapteni alicheka, akawatazama wengine wacheke naye. "Haijakauka."

"Najua haijakauka. Ndiyo maana nasema sasa."

Wote watatu walielewa. Kidole kwenye rangi mbichi ni aibu ambayo mtu wa ndege za plastiki haitamki. Rangi ikikauka na alama ile, haifutiki mpaka uisugue yote mpaka kwenye plastiki. Watu wamegombana wasisemezane kwa jambo dogo kuliko hilo.

"Huwezi kufanya hivyo," Kapteni akasema, na sasa hakucheka. "Ndugu, mwambie mkeo. Umetoka jasho kwa rangi hii. Umelala ndani kwa rangi hii!"

Fundi saa alikuwa dirishani. Jicho lake lilikuwa limebaki na kivuli cha zambarau chini. Alikuja mezani, akasimama juu ya kazi yake, akanyoosha kidole gumba cha kulia. Akakishusha juu ya bawa la kushoto. Akabana. Alipokiinua, mistari yote ilibaki pale, wazi, ndani ya kijivu.

"Mungu wangu," Kapteni akanong'ona.

Mwalimu akaweka keki chini. Alilia kidogo, bila sauti, kama mtu aliyeingiwa na vumbi, akaweka kidole chake kando ya kile cha kwanza. Hakusema samahani. Msusi alimshukuru kwa hilo. Samahani angelazimika kuijibu.

Kapteni alikitazama kidole chake. Alitoa leso, akakifuta, ingawa kilikuwa safi. Kwa kitambo ilionekana kama atakuja. Kisha akakunja leso vizuri, akairudisha mfukoni.

"Mmeiharibu," akasema. "Ilikuwa nzuri, mkaiharibu kwa makusudi."

"Mlango ni ule ule, Kapteni," akasema mama mkwe kutoka kwenye kochi. "Hatujauhamisha. Na keki yako usiisahau."

Hakuichukua keki. Walisikia gari likiwaka, likirudi nyuma, likienda.

Msusi alisogea mezani akanyoosha mkono.

"Usiguse, haija—" fundi saa alianza, kwa mazoea ya miaka yote ile, na neno likamkatikia mdomoni.

Akageuza bawa kumwelekea, naye msusi akashusha kidole gumba chake. Rangi ilikuwa baridi. Ilimnata kidogo, kisha ikamwachia.